Koplo Mwenye Uso wa Avril

Siku aliyomchora koplo macho, Hedley Purkiss alikunywa maji ya kuoshea brashi. Wala si tone la bahati mbaya. Alipiga mafunda mawili ya haja, akalamba midomo, kisha ndipo alipoona chai yake iko upande wa pili wa meza na brashi imesimama ndani yake. Kwa watu wa kazi hii hilo si jambo la kushangaza. Kila mchoraji wa askari wadogo wa madini hapa Gosport, pwani ya Uingereza, amewahi kunywa buluu yake, na wapo wanaoapa kwamba nyekundu ina ladha nzuri zaidi. Lakini Hedley alikuwa mtu makini, fundi mstaafu wa injini za kivuko, na hakuwa amekosea kikombe tangu ajiunge na chama cha wachoraji hao. Alijua vizuri sana kilichomvuruga akili.

Kilikuwa ni ule uso. Koplo mwenyewe alikuwa askari wa meli wa zama za Napoleon, aliyetengenezwa kwa madini ya risasi, urefu wake kidole gumba, amesimama wima na bunduki begani. Koti jekundu, ukosi wa buluu na vikofi vya buluu kwenye ncha za mikono, mikanda miwili myeupe imepishana kifuani, kofia nyeusi ya duara yenye utepe mweupe. Mpaka hapo alifanana na wenzake waliojaa kwenye rafu za sebuleni, kwenye dirisha la chumba cha kulala, na juu ya friji walikohamishiwa rafu zilipojaa. Ila kichwa chake, ambacho hakikuzidi punje ya njegere, kilikuwa na uso wa Avril Doughty.

Avril alikuwa mchoraji bora kuliko wote chamani, na hilo hakuna aliyelibishia, hata wale waliotamani kulibisha. Maisha yake yote ya kazi alitengeneza meno ya bandia. Mikono yake haikujua kutetemeka na ulimi wake haukujua kupaka mafuta. Alikuwa mjane, kama Hedley alivyokuwa mgane. Alichora Wafaransa tu, mabaharia wa gadi ya mfalme wao, wenye masharubu na nyuzi za dhahabu kifuani, na alisema Waingereza wanamchosha kwa sababu wote wamenyoa.

Hedley alimpenda. Tuseme tu wazi, maana yeye mwenyewe alikuwa ameshindwa kusema. Alimpenda miaka minane, kimyakimya, kwa namna ya mtu anayeogopa kuisogeza meza yenye rangi mbichi. Mara moja alijikaza kisabuni, akamfuata hadi kwenye gari lake mvua ikinyesha, akamwambia, "Avril, kuna kitu nimekuwa nikitaka kukuuliza." Avril akafunga mwavuli, akamtazama, akangoja. Ulimi wa Hedley ukaganda. Akaishia kumwuliza ni buluu gani inayofaa kwa vikofi vya askari wa meli baada ya mfalme kuwapa jina la kifalme. Avril akamjibu. Alimjibu kwa kirefu, wakiwa wamesimama kwenye mvua, akataja na namna ya kuichanganya na nyeusi kidogo, kisha akaondoka. Hedley akarudi nyumbani amelowa chapachapa, akijiita kila jina baya analolijua fundi wa injini.

Mambo yangeweza kuendelea hivyo hadi mmoja wao azikwe, kama si Lorna. Lorna ni binti yake Hedley, anayeishi Scotland, kaskazini kabisa, na alikuwa amechoka kuwaza baba yake anavyoishi peke yake na jeshi juu ya friji.

"Baba, chumba nimeshakipaka rangi," alimwambia kwenye simu. "Kina dirisha kubwa, utachora humo. Uza nyumba uje."

"Nitafikiria, mwanangu."

"Umefikiria tangu Pasaka! Nipe jibu. Jumapili. Ndiyo au hapana, mimi sitagomba."

Hedley hakuwa na sababu ya kusema hapana. Sababu aliyokuwa nayo ilikuwa ikikaa mtaa wa tatu na haikujua kwamba ni sababu. Akapiga hesabu zake: ikiwa Avril anamtaka japo kidogo, atabaki. Ikiwa hamtaki, basi Scotland, na dirisha kubwa, na mbwa wa Lorna anayekula viatu. Ila mtu atajuaje bila kuuliza? Na atauliza vipi mtu ambaye mdomo wake humgeuka kila anapoufungua?

Hapo ndipo lilipomjia wazo ambalo halingemjia mtu mwingine yeyote duniani isipokuwa mchoraji wa askari wadogo. Hatasema. Koplo atasema.

Chama chao, watu wa nje huwaita wahesabu vifungo, kwa jinsi wanavyogombania kila kifungo cha sare, na wenyewe hawakatai. Kila mwaka mwezi Oktoba, Jumamosi iliyo karibu na siku ya vita vya baharini vya Trafalgar, hukutana kwenye ukumbi wa nyuma ya kanisa, na kila mtu huleta askari mmoja. Askari huwekwa kwenye meza ndefu, kila mmoja juu ya kigae cha mbao chenye namba, bila jina la mwenyewe. Aliyeshinda mwaka uliopita hashindani. Yeye ndiye mwamuzi. Na mwamuzi wao hatoi alama. Mwamuzi anasoma makosa. Anamwinua askari mmoja mmoja, anamweka chini ya taa na kioo cha kukuzia, kisha anataja kwa sauti, mbele ya wote, kila kosa analoliona. Aliyesomewa machache ndiye mshindi.

Sheria kuu ni moja. Mwenye askari hasemi. Hata asomewe upuuzi, hata aone mwamuzi amekosea karne, anakaa kimya na kunywa chai yake, kwa sababu akifungua mdomo amejitaja, na aliyejitaja askari wake anaondolewa mezani. Kwa kweli kila mtu hujua nani kachora nini, maana mkono wa mtu haufichiki. Lakini wote hujitia hamnazo, na raha ya siku nzima ni kuwatazama wazee wenye heshima zao wakiiva nyuso kama nyanya wasiweze kujitetea.

Mwaka ule mwamuzi alikuwa Avril. Atamwinua koplo, Hedley aliwaza, atamsogeza kwenye kioo, atajiona, ataelewa. Kisha Hedley atajua kwa uso wa Avril. Akitabasamu, habari njema. Akimrudisha mezani haraka kama aliyeshika kaa la moto, basi Scotland. Kwa vyovyote vile hatalazimika kutamka neno, na hata sheria itakuwa upande wake. Aliona ni mpango usio na tundu.

Akauchora ule uso wiki nzima, brashi yenye unywele mmoja wa maana, akizuia pumzi kila alipogusa. Nyusi moja iliyopanda kuliko mwenzake. Pua iliyopinda kidogo. Kidevu chenye kovu dogo chini ya mdomo, lililotokana na baiskeli ya utotoni. Alipomaliza alimtazama koplo, koplo akamtazama yeye, na Hedley akajikuta anainuka kwenye kiti kwa adabu.

Jumamosi ikaja na mvua yake. Ukumbini kulikuwa na joto la birika la chai na harufu ya rangi, na kofia za mvua zimetundikwa zinachuruzika. Hedley alimtelezesha koplo mezani wakati watu wanavua makoti, akapata namba kumi na moja, akaenda kukaa mbali.

Hakukaa hata chai ikapoa. Nev Tilbrook alimjia na kipande cha keki ya limau, akajitupa kwenye kiti cha jirani. Nev alikuwa dereva wa basi zamani, na hakuwa na kipaji cha kunong'ona.

"Hedley bwana," alisema. "Namba kumi na moja."

"Sijui ni ya nani."

"Wala mimi sijui ni ya nani. Ila nimepitisha kioo changu pale. Wewe unajua koplo yule anafanana na nani?"

"Hafanani na mtu."

"Amenikazia jicho kama vile nimemega keki kabla ya wageni. Duniani yupo mtu mmoja tu anayenitazama hivyo." Nev akageuka kumtafuta Avril kwa macho, akamwona anafuta miwani yake mbele ya ukumbi, akarudi kwa Hedley macho yamemtoka pima. "Mungu wangu. We mzee! Wewe!"

"Nev, nakuomba."

"Nimenyamaza."

"Hujanyamaza, unacheka."

"Nacheka kwa ndani. Anajua?"

"Atajua akimwinua."

Nev akaiweka keki chini. Kwa Nev hiyo ilikuwa dalili ya hali mbaya. "Na akimwinua asijijue? Mimi siku ya kwanza kuona picha yangu ya pasi ya kusafiria niliuliza huyu jambazi ni nani."

Hilo Hedley hakuwa amelifikiria. Akatazama meza, akatamani kwenda kumchukua koplo na kumtia mfukoni, lakini mwenyekiti, Basil Croucher, alikuwa ameshagonga kijiko kwenye kikombe.

"Mabibi na mabwana," alisema Croucher, mzee mrefu mwenye kifaa cha kusikilizia kilichopiga mluzi kila alipogeuza shingo. "Sheria mnaijua. Asemaye amejitaja. Bi Avril, karibu."

Avril akaanza. Alikuwa mwamuzi mbaya, kwa maana ya kwamba alikuwa mzuri. Namba moja alisomewa mshono wa suruali uliopita juu ya soksi. Namba mbili alikuwa na utepe wa kofia uliokaa "kama bandeji ya mtu aliyeumwa jino". Wa nne alikuwa baharia wa Kirusi mwenye vifungo vingi mno, na Avril alivihesabu vyote, kimoja kimoja, huku Croucher mwenyewe akibadilika rangi kwenye kiti cha uenyekiti na kifaa chake kikipiga mluzi wa uchungu. Namba saba ilikuwa kazi ya Nev, Mhispania mwenye bendera.

"Bendera hii," alisema Avril, "inapepea kwenda kushoto. Kishada cha kofia kinapepea kwenda kulia. Huyu bwana amesimama katikati ya dhoruba mbili. Namwonea huruma."

Watu wakaangua kicheko. Nev akatafuna keki kwa hasira, mdomo umefungwa.

Kisha akafika namba kumi na moja. Avril alimwinua koplo kwa kigae chake, akamsogeza chini ya taa, akainama kwenye kioo.

Hedley aliacha kupumua, kama anavyofanya anapochora macho. Alimtazama Avril kwa pembeni. Avril hakutabasamu. Hakumrudisha haraka. Alimgeuza koplo huku, akamgeuza kule, na uso wake ukabaki vilevile kama wa mtu anayekagua meno.

"Koti," akasema, "sina neno. Vikofi, buluu sahihi, aliyemfundisha mtu huyu kuchanganya buluu alimfundisha vizuri. Mikanda safi. Vifungo sawa. Viatu vina tope kidogo, na tope ni zuri." Akasogeza taa karibu. "Sasa uso."

Nev akampiga Hedley kiwiko cha mbavu.

"Uso una matatizo. Kwanza, umri. Koplo huyu amevuka sitini. Jeshi gani hilo liliishiwa vijana? Pili, nyusi. Moja imepanda, nyingine imeshuka, kama vile moja imesikia umbea na nyingine bado. Tatu, pua. Imepinda. Mchoraji labda alipiga chafya."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha akakatiza kicheko ghafla. Minong'ono ikapita toka kiti hadi kiti, vioo vya mfukoni vikachomolewa, shingo zikarefuka. Watu waliitazama namba kumi na moja, wakamtazama Avril, wakaitazama tena namba kumi na moja. Kisha ukumbi mzima ukawa kimya, ule ukimya wa watu wanaoona gari linateremka mlima bila dereva. Croucher peke yake alikuwa bado hajaelewa, akabonyeza kifaa chake akidhani kimezimika.

Avril akaendelea, hana habari nao.

"Mdomo. Huu mdomo uko tayari kumgombeza mtu. Unaweza kuishi na mtu mwenye mdomo kama huu? Mimi nisingeweza. Kidevu kikaidi. Na macho ndiyo kabisa, yanamtazama mtu kana kwamba yanajua alichokula jana na hayakukipenda."

Hedley alikuwa anazama. Kila kosa lilimwingia kama sindano, si kwa ajili ya kazi yake. Kazi yake angeweza kusomewa mpaka asubuhi. Ni kwamba vile vitu vilivyokuwa vinachekwa ndivyo alivyokuwa anavipenda, na anayevicheka ndiye mwenye navyo, na yeye alikuwa amekaa na kikombe cha chai magotini, akiilinda sheria. Hajijui, aliwaza. Hajijui, na kesho nitamwambia Lorna ndiyo.

"Namalizia," alisema Avril. Akauinua uso wake kutoka kwenye kioo, akautazama ukumbi, safu kwa safu, bila haraka. "Hukumu yangu ni hii. Mchoraji huyu anajua nguo, hajui watu. Huu si uso wa mtu yeyote. Ni uso wa kubuni. Hakuna mtu mwenye uso huu, na kama yupo, hakuna aliyejali kumtazama. Naandika hivyo?"

Mwamuzi huwa haulizi. Tangu chama kianzishwe, hakuna mwamuzi aliyewahi kuuliza. Lakini Avril aliuliza, na akangoja.

Kikombe cha Hedley kilianguka kabla yeye mwenyewe hajajua kwamba amesimama.

"Usiandike," akasema.

"Hedley!" Croucher aliruka. "Kaa chini, bwana wee! Utaondolewa!"

"Niondoe, Basil."

"Umejitaja!"

"Nimejitaja. Namba kumi na moja ni yangu, mtoe mezani, mtupe baharini ukitaka, lakini kwanza mtanisikiliza." Alikuwa anazungumza na koplo mkononi mwa Avril, maana huko ndiko macho yake yalikojikita. "Si uso wa kubuni. Pua imepinda kwa sababu ndivyo ilivyopinda, na hakuna siku nimeiona nikataka inyooshwe. Nyusi hupanda hivyo akiona unamdanganya. Nami nimedanganywa sana maishani, sijaona mtu mwingine anayeujali ukweli kiasi cha kupandisha nyusi. Mdomo unagombeza, sawa. Unagombeza kazi mbovu, na siku mke wangu alipofariki ndio huohuo uliokuja mlangoni kwangu ukaniambia nioge, nile, nichukue brashi. Na macho... Macho nimeyachora mara nne nikayafuta, kwa sababu sikuweza kuyapata. Eti hakuna aliyejali kumtazama! Nimemtazama miaka minane. Nampenda. Ndiyo hivyo. Nampenda, na mnaweza kuandika hilo badala yake."

Chai ya Hedley ilikuwa inachirizika polepole kwenda chini ya viti vya safu ya mbele, na watu waliinua miguu bila kuondoa macho yao mbele.

"Namba kumi na moja," alisema Croucher kwa huzuni ya kiofisi, "imeondolewa."

"Funga mdomo, Basil," alisema Nev, na huo ulikuwa mnong'ono wake wa kwanza uliofanikiwa.

Avril alimweka koplo juu ya meza, taratibu, akamshika kigae tu kama inavyotakiwa. "Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Basi lipo kosa moja ambalo sijalisoma. Hili ni la kweli, yale mengine nilikuwa nakuchokoza."

Mguno ukapita ukumbini. Hedley akapigwa na butwaa. "Ulijua?"

"Hedley, nilijua nilipomwinua. Nilijiona kama ninavyojiona kila asubuhi nikipiga mswaki. Na hapo ndipo penye kosa." Akagusa kovu chini ya mdomo wake. "Kovu langu liko kushoto. La huyu koplo liko kulia. Pua inapindia upande wa pili, nyusi iliyopanda siyo. Kila kitu kimegeuzwa. Huu si uso wanaouona watu, ni uso ninaouona mimi kwenye kioo. Sasa hebu niambie, mtu aliyenitazama miaka minane amenitazamia wapi?"

Hedley akawa mwekundu kuliko koti la koplo. Jambo lenyewe alikuwa halijui hata yeye mpaka lilipotamkwa. Kila mkutano alikaa kwenye meza ya ukutani, amempa Avril mgongo, na mbele yake kuna kabati la vioo la chama, lililojaa askari wadogo. Humo ndimo alimomtazama. Akicheka, aliona kicheko chake kati ya wapanda farasi wa Prussia. Akikunja uso, alikunja juu ya mizinga. Uso kwa uso, Hedley alikuwa akitazama viatu vyake, au vyake Avril.

"Kwenye kabati," alisema kwa sauti ndogo.

Kulikuwa na kicheko, lakini cha upole, na Avril hakucheka.

"Kwenye kabati," alirudia. "Miaka minane nimekaa nyuma ya mgongo wako nikijiuliza huyu mtu nimemkosea nini hata hataki kuniangalia. Siku ile kwenye mvua nilifunga mwavuli, Hedley. Mwanamke hafungi mwavuli kwenye mvua kwa ajili ya buluu. Nikakuta unaniuliza buluu! Nilikuwa na hasira, nikakujibu mpaka ukalowa. Leo nikasema, huyu leo atasema kitu mwenyewe, hata kama itabidi nijitukane mbele ya chama kizima. Na mpaka sasa bado unaongea na koplo. Mimi niko huku."

Hedley alijua hatua iliyobaki ni fupi: kuinua macho kutoka mezani hadi pale alipo Avril. Alikuwa ameshika injini zinazowaka, amepanda milingoti kwenye upepo, amemzika mke. Hili liliyashinda yote hayo kwa uzito. Aliogopa. Lakini akasogea hadi mezani, akainua.

Ulikuwa uso anaoujua na ulikuwa mgeni kabisa. Kovu lilikuwa upande usio wake. Nyusi aliyoizoea imelala, na ile iliyozoea kulala imepanda, na kwenye jicho moja kulikuwa na kidoa cha kahawia ambacho kioo cha kabati hakikuwahi kumwonyesha. Akaona pia kwamba midomo ya Avril inatetemeka, yeye ambaye mikono yake haikujua kutetemeka. Furaha ikamjaa Hedley, ikamjaa na hofu pamoja, hata hakujua ipi ni ipi.

"Avril," akasema, na safari hii mdomo wake haukumgeuka. "Lorna anataka niuze nyumba nihamie kwake. Kesho ni siku ya kumjibu. Nibaki?"

"Unaniuliza mimi au chama?"

"Wewe. Nakuuliza wewe."

Avril alivua miwani, akaikunja, akaiweka karibu na koplo. Hakuwa mtu wa kutoa hukumu haraka na hakutoa haraka. Nev, aliyemfuata Hedley hadi mbele, alikuwa ameshika mkono wa Croucher bila kujua ni mkono wa nani.

"Baki," alisema. "Lakini sikupikii."

"Napika mwenyewe."

"Nimeonja unachopika. Tutazungumza." Kisha akaongeza, taratibu, "Baki, Hedley. Ningeumia sana ukienda."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi, wazee wakagonga fimbo zao sakafuni mpaka askari wote mezani wakatikisika na Mrusi wa Croucher akaanguka chali pamoja na vifungo vyake. Mtu akaenda kuwasha birika upya.

Hedley alitoa simu mfukoni palepale. Alitaka kulisema jambo hili sasa, kabla woga haujamrudia. Lakini vidole vile vilivyoweza kuchora jicho kwenye punje ya njegere vilikuwa vinacheza ngoma yao wenyewe, na mwisho Nev alimnyang'anya ile simu, akampigia, akamrudishia sikioni.

"Baba?" Sauti ya Lorna ilisikika na mbwa anabweka nyuma yake. "Mbona leo? Tulisema Jumapili. Umeamua? Unakuja?"

"Siji, mwanangu," alisema Hedley, na alipokuwa akisema hivyo hakuyaondoa macho yake usoni mwa Avril.